Sehemu zenye herufi zilivyonisumbua niliporudia KCSE ukubwani, hapa Lamu

Kina dada wanaotaka kurudia KCSE, mtihani wa Kenya wa kumaliza kidato cha nne, baada ya kuolewa na kuzaa huniuliza ni somo gani lilinitesa zaidi. Hesabu. Na ndani ya Hesabu, ni zile sehemu zenye herufi: x juu, x chini, mstari katikati, halafu unaambiwa urahisishe. Mengine yalikuwa na mlango wa kuingilia. Matriki nilizizoea upesi. Longitudo na latitudo nilizipenda, maana huku kwetu mtu hakui bila kusikia habari za dira na nyota. Hizi sehemu ndizo zilizonilia pesa na usingizi, na nyingi ya hizo pesa zilikwenda bure.

Kidato cha nne nilikimaliza na D ya Hesabu. Wakati ule sikuona taabu, nilikuwa nimeshachumbiwa. Miaka ikapita, watoto wakaingia shule, nami nikawa nashona kofia za mkono na asubuhi nauza mahamri na mbaazi mlangoni kwangu, mtaa wa Langoni. Halafu nikaingiwa na hamu ya kusomea uuguzi. Chuo nilichokiendea kilitazama cheti changu kikanirudishia bila maneno mengi: Hesabu haifiki.

Ukirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, ada ya mtihani inatoka mfukoni mwako. Walio shuleni serikali huwalipia, wewe hapana. Juu ya hiyo kuna ada ya masomo ya jioni, kalkuleta, kitabu cha majedwali ya hesabu, na fotokopi za mitihani ya nyuma ambazo moja moja huzioni, ila mwisho wa mwezi unajiuliza pesa ya unga imekwenda wapi. Niliuza kofia mbili nilizokuwa nimeziwekea msimu wa Maulidi, tena kwa bei ya mtu mwenye haraka. Na kuna gharama isiyo na risiti: kukaa benchi moja na watoto wanaokuamkia shikamoo, halafu mwalimu akuite ubaoni na usijue pa kuanzia. Usiku ule wa kwanza nilirudi nyumbani kwa vichochoro vya nyuma nisikutane na mtu.

Kwa asiyekumbuka, karatasi za Hesabu ni mbili, kila moja saa mbili na nusu na alama 100. Fungu la kwanza lina maswali 16 ya lazima yenye alama 50, na fungu la pili lina maswali manane unayochagua matano. Swali la kurahisisha sehemu huwa ni la fungu la kwanza, nalo huwa na alama chache, kama tatu hivi. Utasema alama tatu ni nini. Lakini kazi ileile imejificha kwenye milinganyo, kwenye maswali ya maneno, hata kwenye fungu la pili. Asiyeweza kuicheza anavuja kila mahali.

Mwalimu wa jioni alikuwa mtu mwema na mwenye haraka. Darasa lilikuwa limejaa, na wengi wa waliokuwamo walikuwa wameshayasikia mambo hayo shuleni mchana. Aliandika sehemu, akachukua chaki nyekundu, akapiga mstari juu, akapiga mstari chini, akasema, "Huyu na huyu wanakatana." Basi. Nilichokiona mimi ni mistari miwili myekundu. Sikuona kwa nini wale wawili walikatana na wengine wakaachwa. Nikaenda nyumbani nikijua kwamba vitu vinavyofanana, kimoja juu na kimoja chini, vinakatwa. Nusu ya darasa ilitoka na imani hiyohiyo, nilihakikisha baadaye nilipotazama madaftari yao.

Chukua hii:

(x² − 9)/(x² + 5x + 6)

Macho yanaona x² juu, x² chini. Kata. Inabaki −9/(5x + 6). Safi, fupi, imerahisika. Nilijaza kurasa kwa kazi ya namna hiyo, na kwa kuwa hapakuwa na wa kusahihisha mpaka darasa lijalo, nilizidi kuizoea.

Aliyenitoa huko ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa kidato cha tatu. Alikuja jioni kuchukua mahamri ya mamake akakuta daftari wazi pale dakani. Akalisoma amesimama.

"Khalati, usinikasirikie. Hii hapana."

"Hapana vipi? Si nimekata?"

"Weka namba. Hiyo x ni namba tu imejifunika. Ifanye 4."

Nikaweka. Juu, 16 toa 9 ni 7. Chini, 16 na 20 na 6 ni 42. Saba juu ya arubaini na mbili, yaani 1/6. Kisha akaniambia niweke 4 ileile kwenye jibu langu. Ikatoka −9/26. Tazama hiyo alama ya kutoa. Nimeanza na kitu kilicho zaidi ya sufuri, nimekirahisisha, kimekuwa chini ya sufuri. Kurahisisha hakubadilishi thamani ya kitu, hubadilisha sura yake. Ikiwa thamani imebadilika, ulichofanya ni kitu kingine.

Mpwa wangu alichukua mahamri akaenda zake. Mimi nilibaki pale mpaka adhana ya Isha, nikiweka namba kwenye majibu yangu yote ya nyuma, moja baada ya jingine, na kila jibu likianguka. Niliona uchungu, lakini pia niliona nafuu kubwa. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na njia ya kujua kama nimekosa bila kumngoja mtu. Anayesomea nyumbani usiku, watoto wamelala, mwalimu yuko kwake, hana kitu cha thamani kupita hicho. Kama utachukua moja tu katika haya ninayoandika, chukua hilo la kuweka namba.

Baada ya hapo ndipo ile sheria ikaniingia. Kinachokatwa ni kile kinachozidisha upande mzima wa juu na kinazidisha upande mzima wa chini. Kilichojumlishwa au kutolewa hakikatwi kikiwa peke yake. Katika x² − 9, ile x² haizidishi chochote hapo, imekaa tu na jirani yake. Kwanza uvunje juu na chini mpaka viwe mabano yanayozidishana:

(x − 3)(x + 3) juu, (x + 2)(x + 3) chini.

Sasa (x + 3) inazidisha juu yote na chini yote. Hiyo ndiyo inayokatwa, nzima na mabano yake, na inabaki (x − 3)/(x + 2). Weka 4: moja juu ya sita. Ni ileile 1/6 tuliyoanza nayo.

Ukilitazama vizuri utaona kwamba kazi yote imo katika kuvunja. Kukata kwenyewe ni kazi ya sekunde. Nimetumia miezi nikidhani shida yangu ni sehemu, kumbe shida yangu ni vigawo: sikuwa na uwezo wa kutazama 2x² − 3x − 2 nikaigeuza mabano. Ningekuwa naanza leo, ningeziacha sehemu kabisa kwanza. Ningekaa na kuvunja tu, kila usiku, mpaka mkono ufanye wenyewe. Kuna kutoa kilicho cha wote, kama 6x + 9 kuwa 3(2x + 3). Kuna tofauti ya vipeo viwili vya pili, kama 4x² − 1 kuwa (2x − 1)(2x + 1), ambayo watahini wanaipenda mno. Na kuna zile za vipande vitatu, ambazo ndizo ngumu.

Hiyo 2x² − 3x − 2 naifanya hivi. Nazidisha namba ya kwanza na ya mwisho: 2 mara −2 ni −4. Natafuta namba mbili ambazo zikizidishwa ni −4 na zikijumlishwa ni −3. Ni −4 na 1. Naipasua ya katikati kwa namba hizo: 2x² − 4x + x − 2. Naziweka mbilimbili: 2x(x − 2) + 1(x − 2). Inakuwa (2x + 1)(x − 2). Sasa ukiletewa (2x² − 3x − 2)/(4x² − 1), (2x + 1) inaondoka na linabaki (x − 2)/(2x − 1). Weka 3 uone: 7/35 mwanzo, 1/5 mwisho. Sawasawa.

Lakini namba nazo zina ujanja. Kwa uvivu nilikuwa naweka sufuri au moja, maana ndizo nyepesi, na mara nyingine zilinidanganya. Mfano (x² + 4)/(x + 2). Mtu akikuambia jibu ni x + 2, ukaweka sufuri, mwanzo ni 4/2 yaani 2, na jibu ni 2. Unapiga vigelegele. Weka moja: mwanzo ni 5/3, jibu ni 3. Uongo umetoka. Kwa hakika ile haivunjiki kabisa, inaachwa ilivyo. Moja nayo haijui vipeo, kwa sababu moja ukiizidisha kwa yenyewe utakavyo ni moja ileile tu, kwa hiyo anayesema x³ gawa kwa x ni x³ atapita salama kwenye mtihani wa moja. Tumia 3, au 4, au 5. Kama herufi ni mbili, zipe namba mbili tofauti. Na usichague inayofanya chini kuwa sufuri, kalkuleta itakataa. Jibu likianguka kwa namba moja, limekufa. Likipita, bado si ushahidi kamili, ila likipita kwa namba mbili ngeni nilikuwa nalala.

Jingine kuhusu kalkuleta: tia mabano. Ukiandika 4 − 3 / 4 + 2 bila mabano, mashine itagawa 3 kwa 4 peke yake na kukupa kitu ambacho hukukiuliza. Hata ukimwandikia mwenzio swali kwenye simu, x − 3/x + 2 na (x − 3)/(x + 2) ni maswali mawili tofauti. Tumegombana bure kwenye kikundi chetu cha masomo kwa ajili ya mabano yaliyoachwa.

Kujumlisha sehemu zenye herufi nilifundishwa na mtu ambaye hajui kama alinifundisha. Ami yangu, nahodha wa zamani, alisomea mirathi kwa mashekhe ujanani, na watu bado humjia kabla ya kwenda kwa kadhi, wapate kujua tu mambo yatakavyokuwa. Siku moja kaja mtu: marehemu kaacha mke, mama, na watoto wa kiume na wa kike. Ami akasema papo hapo, mke thumni (moja ya nane), mama sudusi (moja ya sita), fanya mafungu ishirini na nne: mke tatu, mama nne, zilizobaki kumi na saba ni za watoto. Nikamuuliza kwa nini 24, na nane mara sita ni 48? Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini maji yana chumvi. "Nane na sita zina mbili ndani yao zote. Utaihesabu mara mbili ya nini?"

Nikarudi kwenye daftari. 1/(x² − 4) + 1/(x + 2). Mimi nilikuwa nazidisha chini mbili zote, napata (x² − 4)(x + 2), kisha nafungua mabano mpaka x inakuwa na kipeo cha tatu na karatasi inajaa. Lakini x² − 4 ni (x − 2)(x + 2). Ile x + 2 imo ndani tayari. Kigawe kidogo cha shirika ni (x − 2)(x + 2), basi. Sehemu ya kwanza inabaki na 1 juu, ya pili inapata x − 2 juu, jumla ni x − 1. Jibu: (x − 1)/((x − 2)(x + 2)). Weka 3: 1/5 na 1/5 ni 2/5, na jibu nalo ni 2/5. Ukienda njia ndefu utafika palepale, ila itabidi uvunje tena ili ukate ulichokiongeza mwenyewe.

Baadaye nilisoma kwamba Al-Khwarizmi, aliyeandika juu ya aljebra kule Baghdad katika karne ya 9, alitumia sehemu kubwa ya kazi yake kueleza mirathi na wasia, na kwamba aliandika yote kwa maneno, bila x hata moja. Herufi zilikuja kutumiwa kwa mpango baadaye sana, na Mfaransa François Viète mwishoni mwa karne ya 16. Nilipomsimulia ami hakushangaa. Alisema ndiyo maana yeye hajawahi kuzihitaji.

Kutoa ndiko kulikobaki kunisumbua hata nilipokuwa nimeshajiona hodari. (3x + 1)/4 − (x − 3)/6. Chini ni 12. Juu ni 3(3x + 1) − 2(x − 3). Hapo penye −2 mara −3 ndipo panapoanguka watu, maana ni +6. Inakuwa 9x + 3 − 2x + 6, yaani (7x + 9)/12. Anayesahau anaandika (7x − 3)/12. Weka 3, ambayo hapa ni tamu kwa sababu sehemu ya pili inakuwa sufuri: mwanzo ni 10/4, yaani 2.5. La kwanza ni 30/12, 2.5. La pili ni 18/12, 1.5. Dawa yangu ni kutofungua mabano kichwani. Naandika mabano, kisha mstari unaofuata ndiyo nafungua.

Tena katika swali hilihili kuna wanaoitupa ile 12. Wamezoea milinganyo, ambako unazidisha pande zote na chini zinatoweka, basi hapa pia wanaiondoa, wanaandika 7x + 9, na wengine wanaendelea mpaka wanatoa thamani ya x. Hapakuwa na alama ya usawa kwenye swali. Hakuna pande mbili. Hukuombwa kuitafuta x, uliombwa kuivalisha vizuri. Namba nayo itakuambia: 30 si 2.5.

Kuna swali la maneno nililojitungia pale jetini nikingoja kuvuka kwenda Mokowe, upande wa bara, na liliniondolea woga kuliko kurasa za fotokopi. Tuseme boti ya kukodi ni shilingi 600, na abiria ni n. Kila mtu 600/n. Wawili wakighairi, kila aliyebaki analipa 600/(n − 2). Nyongeza ni ngapi?

600/(n − 2) − 600/n

Chini ni n(n − 2). Juu ni 600n − 600(n − 2), zile n zinaliana, inabaki 1200. Kwa hiyo nyongeza ni 1200/(n(n − 2)). Wakiwa wanane, ni 25 kila mmoja: kutoka 75 hadi 100. Wakiwa sita, ni 50: kutoka 100 hadi 150. Ghafla nikaona kwa nini mtu anahangaika kurahisisha. Ile ya kwanza inakutaka ugawe mara mbili kisha utoe, hii ya mwisho unaipiga jicho unaona kwamba abiria wakiwa wengi kughairi kwa wawili hakuumi, wakiwa wachache kunaumiza sana. Na kwa nini n isiwe 2? Kwa sababu wote wameghairi, nahodha amlipishe nani?

Hilo la namba zilizokatazwa, nilikuwa naliona kama urembo wa mwalimu. Rudi kwenye ile ya mwanzo, iliyokuwa (x − 3)/(x + 2). Weka −3 kwenye jibu: −6 juu ya −1, ni 6. Weka −3 kwenye swali: sufuri juu ya sufuri, hakuna kitu. Mabano yaliyokatwa yaliondoka na onyo lake. Jibu na swali ni kitu kimoja kila mahali isipokuwa hapo, kwa hiyo andika pembeni kwamba x si −3 wala −2, hata kama ile ya kwanza haionekani tena.

Sasa kisa cha kijitabu. Nilinunua kijitabu cha marudio, cha fotokopi, majibu nyuma. Swali moja lilikuwa:

(4x² − y²)/(2x² − 7xy + 3y²)

Nikavunja: (2x − y)(2x + y) juu, (2x − y)(x − 3y) chini. Jibu langu (2x + y)/(x − 3y). Nikageuza nyuma. Kimeandikwa (2x − y)/(x − 3y). Nikafuta. Nikarudia. Nikapata vilevile. Nikafuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Usiku ulikuwa umekwenda, punda wa jirani alishaanza kelele zake za alfajiri, na mimi nimeshajiambia kwamba uuguzi si riziki yangu.

Nikaweka x iwe 5 na y iwe 1. Swali: 100 toa 1 ni 99, chini 50 toa 35 ongeza 3 ni 18. Ni 5.5. Langu: 11 juu ya 2, 5.5. La kijitabu: 9 juu ya 2, 4.5.

Nilimwonyesha mpwa wangu kesho yake. Akasema, "Khalati, kitabu hakikosei." Yeye mwenyewe aliyenifundisha kuweka namba! Nikampa kalkuleta. Alipiga, akapiga tena, akanyamaza, kisha akachukua kalamu akakata jibu la kijitabu na kuandika langu juu yake. Tangu siku hiyo tulikuwa tunapima kila jibu la nyuma kabla ya kulikubali, na lile halikuwa peke yake. Mtu anayetegemea fotokopi za aina hii na hajui kupima anaweza kuacha njia sahihi akashika ya uongo, tena kwa bidii.

Kitu kidogo kinachokula alama: 3 − x na x − 3. Si kitu kimoja, wala si vigeni. Kimoja ni kingine kilichozidishwa kwa −1. (3 − x)/(x² − 9) watu huiacha hivyohivyo wakidhani haina cha kukata. Geuza juu iwe −(x − 3), kata, ni −1/(x + 3). Weka 5: −2/16, −1/8. Nilipoelewa hili nikaweza hata zile sehemu zilizo ndani ya sehemu, ambazo darasani zilikuwa zinanifanya nifunge daftari. (1/x − 1/3)/(x − 3): ile ya juu iunganishe kwanza, ni (3 − x)/(3x). Ukiigawa kwa x − 3 inabaki −1/(3x).

Siku ya mtihani upepo ulikuwa umetulia na mikono yangu haikutulia. Niliyofanya ni haya. Niliandika kila hatua, kwa sababu karatasi yenyewe inasema unaweza kupewa alama kwa kazi sahihi hata jibu likikosea. Nilivunja juu kwenye mstari wake na chini kwenye mstari wake kabla ya kukata chochote. Nilipofika mwisho niliacha jibu katika mabano, sikuyafungua tena, maana nimeona watu wakilifikia jibu kisha wakalivuruga. Na nilipima kwa namba pembeni kwa penseli. Kalkuleta inaruhusiwa, kwa hiyo kupima hakuli hata dakika.

Nilipata C. Kwa wengine ni alama ya kusikitikia, kwangu ilifungua geti. Ukiniuliza matumizi gani ningeyarudia, ningenunua kalkuleta nzuri mapema na kitabu kimoja cha shule chenye maswali mengi ya kuvunja, hata kiwe cha mtumba. Masomo ya jioni ningelipia miezi michache ya mwisho tu, nikiwa na maswali yangu mkononi, badala ya kulipa mwaka mzima kutazama chaki nyekundu. Vile vijitabu nisingenunua zaidi ya kimoja.

Mambo ya usajili yaulizie mwanzoni mwa mwaka, kwenye shule itakayokupokea kama kituo, kwa sababu majina hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani. Uwe na nakala ya cheti cha zamani na kitambulisho. Na kama una nia, usiiweke sana. KCPE, mtihani wa darasa la nane, ya mwisho ilifanywa 2023, na watoto wale, ambao ndio kundi la mwisho la shuleni la KCSE, kidato chao cha nne ni 2027.